Mfupa wa Mtoto Hausubiri Meli

Mtoto wa miaka 4 akivunjika paja, mfupa wake huungana kwa wiki 4 hadi 6. Mtu mzima hungoja miezi 3, mara nyingine zaidi. Ni neema kubwa aliyojaliwa mtoto, na ndiyo hiyo hiyo iliyoacha ulemavu mwingi Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu mfupa huo huungana hata ukiwa umekaa vibaya. Vipande vikipishana, vitaungana hivyo hivyo. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi huko Kamachumu akafikishwa kwa daktari wiki ya tatu, hufika mwili umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Daktari hubaki na njia mbili: auvunje upya au auache ulivyo. Uliopinda kidogo unaweza kunyooka kadiri mtoto anavyokua, lakini uliojizungusha haujirudi.

Kwa zaidi ya miaka 100 wazazi wa eneo hili wamekuwa wakikimbizana na muda huo. Vifaa vikuu vya kuunga mifupa vilibuniwa zamani, mbali na hapa. Bandeji ya plasta ilibuniwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1851. Fremu ya chuma ya kumshikia mgonjwa paja lililovunjika ilitengenezwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyefariki mwaka 1891. Mwaka uliofuata, 1892, Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, wakafungua misheni Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo maarifa yalikuwepo duniani. Kilichobaki ni kuyafikisha kwa mtoto wa Ihangiro, huko Muleba, wakati bado yanaweza kumsaidia, na huko ndiko kulikochukua karne nzima.

Kabla ya hospitali, na hata baada yake, aliyekuwa karibu ni mganga wa kuunga mifupa. Tusimdharau. Alijua kuivuta mifupa na kuirudisha, alijua kuifunga kwa vijiti na kamba za migomba, alijua kukanda. Mfupa wa mkono ukivunjika bila kupishana, mtoto alipona kwake kama ambavyo angepona kwingine kokote. Tena alikuwa jirani, alikubali kulipwa baada ya mavuno ya kahawa, na mtoto alilala kwao. Mzazi aliyemchagua hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu.

Hatari ilikuwa kwenye kiwiko. Mtoto anayeanguka kutoka mtini hutanguliza mkono, na mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu hupita mbele ya mfupa. Mkono huvimba sana siku ya kwanza. Ukifungwa vijiti kwa kukaza wakati bado unavimba, damu hushindwa kupita, na misuli ya mkono huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Dalili zake zinaonekana wazi kwa anayejua kuzitafuta: vidole vya baridi, kucha zisizo na rangi, na mtoto anayepiga kelele ukijaribu kumnyoosha vidole. Zipo pia dalili za udanganyifu, maana baada ya siku mbili maumivu hupungua na watu wakadhani anapona. Kumbe misuli imekufa. Vidole hujikunja vikabaki hivyo, au mkono mzima huoza ukalazimika kukatwa. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zimewahi kupokea watoto wa namna hii, na mpaka leo wanapokelewa. Aliyekaza vijiti hivyo hakukusudia ubaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hogo la plasta na vijiti vyote viwili vinaweza kuua mkono, na kwamba kinachookoa ni kulegeza mapema.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Bethel, Ujerumani, waliingia Bukoba mwaka 1910. Baadaye hospitali za makanisa zikajengwa kwenye eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba: Rubya na Kagondo za Wakatoliki, Ndolage ya Walutheri juu ya uwanda wa Kamachumu. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Wajerumani waliondolewa na Waswidi wakashika nafasi yao. Kwa miongo mingi hakukuwa na daktari bingwa wa mifupa hata mmoja katika hospitali hizo. Daktari yule yule aliyezalisha ndiye aliyepasua ngiri, akang'oa jino, akaunga paja la mtoto.

Na aliweza, kwa sababu paja la mtoto halihitaji kisu. Linahitaji kuvutwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 alining'inizwa miguu yote miwili juu kwa bandeji za kunata, makalio yakiinuka kidogo tu kutoka kwenye godoro. Aliyemzidi umri alilazwa chali, mguu ukafungwa kamba iliyopita kwenye kapi na kushuka hadi kwenye mfuko wa mchanga au jiwe lililopimwa uzito. Misuli ya paja, ambayo ndiyo inayoupishanisha mfupa, huchoka ikakubali. Kisha ni kungoja. Mtoto analala hapo wiki baada ya wiki, anazoea, anaanza kucheza na mwenzake wa kitanda cha pili, na mama yake anapika nyuma ya wodi.

Huyo mama ndiye aliyekuwa nusu ya matibabu, na naona waandishi wa historia ya tiba hawajamtendea haki. Wiki 6 nje ya kibanja ni msimu mzima. Nyumbani kuna watoto wengine, kuna migomba ya kupalilia, kuna kahawa inayoiva. Daktari alihesabu siku za mfupa, mama akahesabu siku za shamba, na mara nyingi siku za shamba ziliisha kwanza. Mtoto akachukuliwa usiku, jiwe likaachwa linaning'inia.

Kisha ikaja polio, au niseme ikaonekana, kwa maana virusi vyenyewe vilikuwepo siku nyingi. Polio hupita kwenye maji na mikono yenye kinyesi. Kati ya watoto 200 wanaoambukizwa, mmoja tu hivi ndiye anayepooza, na wengine hawaoni dalili yoyote au hupata homa ndogo isiyokumbukwa. Huyo mmoja huamka asubuhi mguu haumtii. Virusi vimeua seli za uti wa mgongo zinazoamuru misuli, na seli hizo hazioti tena. Lakini kutotembea kwake hakukuletwa na kupooza peke yake. Misuli michache iliyosalia huvuta upande mmoja bila upinzani, goti likajikunja, nyonga ikajikunja, kisigino kikapanda. Baada ya mwaka mtoto anatambaa kwa mikono, na hata nguvu ikibaki kidogo mguuni haiwezi kumsaidia kwa kuwa mguu hauwezi tena kunyooka.

Jibu lililofaa mazingira yetu lilitoka ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1960, Ronald Huckstep, daktari wa mifupa wa hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha Kampala kazi kubwa ya kuwainua watoto wa polio. Aliona kwamba vyuma vya miguu vilivyoagizwa kutoka Ulaya ni ghali, vinachelewa, na mtoto anakuwa amevizidi kimo kabla havijafika. Akawafundisha watu wa hapo hapo kukunja nondo, kushona ngozi na kuchonga viatu vya mbao vyenye tundu la kuingizia chuma. Goti lililojikunja lililegezwa kwa upasuaji mdogo, likafungwa hogo, likanyooshwa hatua kwa hatua, kisha mtoto akavishwa chuma na kupewa magongo. Mwaka 1975 alichapisha kitabu cha mwongozo kwa nchi zinazoendelea, chenye vipimo na michoro ambayo fundi wa karakana ndogo angeweza kuifuata.

Kwa mzazi wa Kiziba au Bugabo, kaskazini ya Bukoba, Kampala haikuwa nchi ya mbali. Kutoka Bukoba hadi Mutukula mpakani ni kilomita 80 hivi, na Wahaya, wenyeji wa eneo hili, walikuwa wakienda Buganda kutafuta kazi na shule tangu enzi za babu zao. Dar es Salaam ilikuwa mbali zaidi kwa kila kipimo. Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka Uganda, na mwaka 1972 Huckstep akahamia Sydney. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka juu ya mto Kagera likalipuliwa. Barabara ya kwenda Uganda ikawa imekatika kweli kweli, kwa siasa na kwa chuma. Vita iliisha mwaka 1979, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, na rufaa zote kubwa zikageukia kusini.

Kusini kulikuwa na hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, mwaka huo huo ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi. Hapo ndipo meli ilipoingia katika historia hii. MV Victoria ilikuwa ikivuka ziwa tangu mwaka 1961, ikipakia abiria Bukoba jioni na bandari ya Kemondo usiku, ikafika Mwanza asubuhi. Mtoto mwenye mguu uliovunjika alisafiri sitahani au daraja la tatu, kati ya mikungu ya ndizi na magunia, mama akizuia kwa mwili wake watu wasimkanyage. Meli ikiharibika, rufaa ilisubiri. Mfupa haukusubiri.

Watu wakajua pia hofu ya ziwa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Baada ya hapo wapo waliokataa kabisa kupanda meli, na njia ya barabara kupitia Biharamulo ilikuwa ndefu, ya vumbi na mashimo. Kumlaza mtoto mwenye paja bichi ndani ya basi kwenye njia ile ni mateso ambayo hakuna cheti cha rufaa kilichoyataja.

Lakini pigo lililobadilisha zaidi wodi za Muleba halikuhusu mifupa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage. Miaka iliyofuata ilichukua wazazi wa rika moja kijiji baada ya kijiji. Rudi sasa kwenye kile kitanda chenye kamba na jiwe. Nani atakaa wiki 6? Aliyebaki ni bibi, mwenye wajukuu watano au sita, macho hayaoni vizuri, nauli hana. Bibi huyo alimbeba mjukuu mwenye mguu uliovimba mpaka kwa mganga wa jirani kwa sababu ndiko alikoweza kufika na kurudi kabla ya jua kuzama. Ukisoma kwamba watoto walichelewa kufikishwa hospitali katika miaka ya 1980 na 1990, mkumbuke bibi huyu kabla ya kusema wananchi walikosa elimu.

Miaka hiyo hiyo mambo mawili mazuri yalikuwa yakitendeka bila kelele. La kwanza lilikuwa chanjo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, matone ya polio yakaingia vijijini katika masanduku ya barafu, na mwaka 1996 Tanzania ikapata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili. Watoto waliokuwa wakijaza orodha za kutengenezewa vyuma walikoma kuja, na sijui ushindi mwingine wa tiba ya mifupa unaokaribia huu, ingawa hakuna mfupa ulioungwa wala kupasuliwa. Hata hivyo haujakamilika. Mwaka 2023 polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika iligundulika Rukwa, na timu za chanjo zikapita tena nyumba kwa nyumba katika mikoa kadhaa ya magharibi, Kagera ikiwemo.

La pili lilikuwa mafundi. Mwaka 1981 kilianzishwa Moshi, katika eneo la KCMC, chuo cha TATCOT cha kufundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi walitoka Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Huko Dar es Salaam, Profesa Philemon Sarungi, mmoja wa madaktari bingwa wa mifupa wa kwanza Watanzania, alikuwa akifundisha wengine hospitali ya Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mifupa, MOI. CCBRT, shirika la kuwahudumia watu wenye ulemavu, nalo lilikuwa limeanza huko huko mwaka 1994. Vyote hivi vilikuwa vikubwa na vya lazima. Vyote vilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Rubya.

Kilichovuka umbali huo kilikuja na mguu kifundo. Mtoto mwenye mguu kifundo huzaliwa unyayo umegeukia ndani na juu, kisigino kimepanda. Nchini Uganda wamekadiria kwamba hutokea kwa mtoto 1 hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, au zaidi kidogo. Zamani tulimwacha, akakua akitembea kwa upande wa juu wa mguu mpaka ngozi ikawa sugu, au akapelekwa mbali kufanyiwa upasuaji mkubwa ulioacha mguu mgumu wenye maumivu ukubwani.

Ignacio Ponseti, Mhispania aliyekimbilia Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwake, alikuwa akiwatibu watoto wa namna hii kule Iowa tangu miaka ya 1940 bila upasuaji mkubwa. Madaktari wenzake hawakumsikiliza kwa nusu karne. Waliomsikiliza mapema na kwa bidii walikuwa Uganda, ambako Norgrove Penny wa Kanada alifanya kazi katika miaka ya 1990, na ambako yeye na Shafique Pirani, Mkanada mwenye asili ya Uganda, walianza kuwafundisha matabibu wasaidizi na maofisa wa mifupa, watu wasio madaktari, kufanya kazi hiyo. Mwaka 2004 Uganda ikaifanya kuwa mpango wa taifa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mama anamnyonyesha mtoto ili alegee. Tabibu anaweka kidole gumba upande wa nje wa mguu, juu ya mfupa unaojitokeza mbele kidogo ya kifundo, na hakiondoi hapo mpaka mwisho. Kwa mkono mwingine anashika kidole kikubwa na kukiinua kwanza, jambo linaloonekana kama kuharibu zaidi, kisha anausogeza mguu wote nje taratibu hadi pale mtoto anapoanza kukunja uso. Anasimama hapo. Halazimishi. Msaidizi anazungusha pamba, halafu bandeji ya plasta iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yakakoma, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Vidole vinaachwa nje ili mama avione vikibadilika rangi. Wiki inayofuata hogo linaloweshwa maji, linafunguliwa, mguu unasogezwa tena. Mahogo 5 au 6 hutosha kwa wengi. Mwishoni kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi ndogo, tundu lake halihitaji hata uzi, na kano huota upya ikiwa ndefu ndani ya wiki 3 za hogo la mwisho.

Hakuna chumba kikubwa cha upasuaji hapo, wala mashine. Kuna mikono iliyofundishwa, plasta na subira. Kwa wilaya yenye milima na visiwa, hii ndiyo tiba ya kwanza ya kibingwa iliyoweza kumfuata mtoto badala ya mtoto kuifuata, na kwa maoni yangu hapa ndipo historia yetu ilipogeuka.

Haikugeuka kwa mambo yote. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Kuta za tofali ziliangukia watu majumbani, zaidi ya 15 wakafariki na mamia wakajeruhiwa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya zikabidi zijengwe upya. Ilikuwa siku ya mapumziko, madarasa ya shule za msingi yakiwa matupu, na mtu huogopa kufikiria ingekuwaje siku ya Jumatatu asubuhi. Hospitali ya mkoa Bukoba ilijaa waliovunjika kwa saa chache. Mfupa uliovunjwa na ukuta hautibiwi kama mguu kifundo. Unahitaji eksirei, damu, chumba cha upasuaji na mtu aliyezoea kuutibu, vyote kwa siku moja.

Siku za kawaida mifupa iliyovunjika namna hiyo huletwa na ajali za bodaboda. Mtoto hupakiwa katikati ya watu wazima wawili akipelekwa shule, au hugongwa akivuka lami kwenye barabara ya Bukoba kwenda Muleba. Hapo tofauti ya mahali huonekana waziwazi. Mtoto wa kata ya Nyanga yuko ndani ya Manispaa ya Bukoba, na hospitali ya rufaa ya mkoa anaifikia siku hiyo hiyo. Mtoto wa Goziba, Bumbire au Ikuza, visiwa vya Muleba, lazima kwanza apate mtumbwi wenye injini, petroli na ziwa lililotulia, ndipo apate gari la kwenda Rubya. Wote wawili wako mkoa mmoja, na sera ya taifa inawapa wote matibabu bure katika vituo vya serikali wakiwa chini ya miaka 5. Sera hiyo hailipi mtumbwi.

CCBRT iliwahi kuonyesha kwamba jambo hili linatatulika. Kuanzia mwaka 2009 iliwatumia mawakala wake vijijini nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike Dar es Salaam, na wanawake waliokuwa wamekaa miaka nyumbani na ugonjwa wao wakafika. Nauli ya mtoto mwenye mguu kifundo ni ndogo kuliko hiyo ila inarudiwa mara nyingi. Baada ya hogo la mwisho huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, miezi 3 ya kwanza karibu saa zote, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka 4. Akiviacha mapema, mguu hurudi ulikotoka. Viatu humbana kadiri anavyokua, vikahitaji kubadilishwa, na kila badiliko ni safari. Mama wa Bumbire aliyemaliza mahogo yote bado ana miaka kadhaa ya kuvuka ziwa, kwa hiyo jozi ya viatu vya namba inayofuata inapaswa kuwa kwenye zahanati ya kisiwani kabla mtoto hajaihitaji.